Pendekezo la Mwanafunzi Humfikia Nani?

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi nchini Kenya waliingia Gredi ya 10. Katika orodha ya masomo ya lazima, kando ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati, walikuta somo ambalo wazazi wao hawakuwahi kulisoma: Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Mwanafunzi anatakiwa atoke nje ya lango la shule, atambue tatizo linaloisumbua jamii inayomzunguka, apendekeze njia ya kulitatua, kisha aeleze alichokifanya. Wazazi wengi hawajui walishike vipi jambo hili. Ni somo, au ni kazi ya kujitolea? Vifaa vinanunuliwa na nani? Wapo pia wanaouliza swali zito zaidi: ikiwa kaunti yenye wahandisi na bajeti imeshindwa kuleta maji kijijini, kijana wa miaka 15 ataleta nini?

Mkanganyiko huu hauishii Kenya. Uganda ilianza mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ambao umetenga asilimia 20 ya alama za mwisho kwa tathmini endelevu, miradi ikiwemo. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, na tangu 2019 imekuwa na Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, maarufu kama MAKISATU. Kila upande watu husifu ubunifu wa wanafunzi, lakini wakibanwa waeleze wanachokisifu, mmoja atakuwa anazungumzia mafunzo, wa pili uvumbuzi, na wa tatu huduma ambayo kwa haki ingetolewa na serikali. Naona mjadala wote umekwama kwenye suluhisho, yaani kifaa, mashine au programu ya simu. Nguvu halisi ya mwanafunzi iko katika kulichunguza tatizo, na uchunguzi huo huwa na thamani pale tu anapokuwepo mtu mwenye wajibu wa kuupokea na kuujibu.

Njia iliyokwisha kupitwa

Wazo la kuunganisha shule na maisha ya watu wanaoizunguka si geni Afrika Mashariki. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka kila shule iwe pia sehemu ya uzalishaji. Kinachosahauliwa ni kwamba andiko lile halikuomba jembe peke yake. Lilitaka wanafunzi washiriki kuamua: shamba lilimwe nini, kwa njia gani, na mapato yaende wapi, ili wajifunze kutokana na maamuzi yao na makosa yao. Utekelezaji ulichukua jembe na kuacha maamuzi. Katika shule nyingi kujitegemea kukawa kipindi cha kulima, kufyeka na kubeba maji, na wakati mwingine adhabu kwa wachelewaji. Kosa halikuwa la wanafunzi kushindwa kufikiri. Hakuna aliyewauliza.

Kenya nayo ilijaribu kwa njia yake. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981 na kuanza Januari 1985, ulikusudia kumpa mtoto ujuzi wa mikono: useremala, ushonaji, kilimo, sayansi ya nyumbani. Karakana zilitakiwa zijengwe na wazazi kwa harambee. Palipokuwa na wazazi wenye uwezo zilijengwa. Kwingineko somo la ufundi lilifundishwa ubaoni. Miaka ilivyopita masomo hayo yakapunguzwa, na mfumo uliokusudiwa kuondoa utumwa wa mtihani ukaishia kutambulika kwa mtihani wenyewe. Majaribio yote mawili yalianguka mahali pamoja, pale ambapo wazo la taifa zima lilihitaji mtu wa kugharimia na kufuatilia katika shule moja moja, na mtu huyo hakuwepo.

Wanaosema ni mafunzo tu

Kundi la kwanza lina hoja tulivu kuliko yote. Kwao pendekezo la mwanafunzi halipimwi kwa kutatua tatizo, kama vile insha haipimwi kwa kuchapishwa gazetini. Mtoto akitengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono karibu na choo cha shule, akajifunza kupanga kazi, kushirikiana na kueleza alichofanya, lengo limetimia hata kibuyu kikikauka wiki ya pili. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inamwondolea mtoto mzigo wa kuokoa kijiji, na inampa mwalimu wa shule ya kawaida kitu anachoweza kukifanya kesho asubuhi.

Udhaifu wake ni kwamba jamii haijakubali kuwa daftari la mazoezi. Kibuyu kilichokauka bado kinaning'inia pale, na kila apitaye anajifunza kwamba miradi ya shule ni ya kupigwa picha. Isitoshe, ni nini hasa mtoto amejifunza ikiwa hakuulizwa kwa nini kilikauka? Huenda maji yanachotwa mbali na hakuna aliyepewa zamu. Huenda sabuni inaibwa. Swali la zamu na la sabuni ndilo somo lenyewe, nalo huanza siku ile ambayo ripoti nyingi huishia. Tena mradi ukishakuwa wa kupata alama tu, mzazi mwenye pesa atazinunua. Wazazi wa Kenya wanazijua vizuri jioni za kukimbilia saiba kuchapisha picha, na sanamu za kutishia ndege zilizoshonwa na mama, mtoto akiwa amelala.

Wanaosema ni uvumbuzi

Kundi la pili hutazama jukwaa la washindi, na mifano yake si ya kubuni. Mwaka 2019 wanafunzi wa shule ya kutwa ya Keriko, katika Kaunti ya Nakuru, walifika kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani, na kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Mwaka huohuo mwalimu wao, Peter Tabichi, alipata tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora. Miaka miwili kabla, wasichana watano wa Kisumu Girls walikwenda California na programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kumsaidia msichana aliye katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 2019 waliingia fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Tanzania ina Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, inayowaongoza wanafunzi wa sekondari kufanya utafiti juu ya matatizo ya jamii zao na kuwapa washindi ufadhili wa chuo kikuu.

Mashindano hufanya jambo moja ambalo darasa haliwezi: humfanya mgeni asiye na huruma aulize maswali magumu. Pia humtoa mtoto wa shule isiyojulikana kwenye kivuli. Lakini yana upendeleo wake. Jaji aliyesimama mbele ya meza kwa dakika chache huona kinachoonekana: taa inayowaka, skrini inayong'aa. Haoni kama kitu kile kingali kinafanya kazi baada ya mvua za masika. Kwa hiyo wanafunzi, ambao si wajinga, hubuni vitu vya kuonyeshwa. Hata programu nzuri kama i-Cut hutegemea upande ambao msanidi hawezi kuuandikia programu, yaani simu ya nani italia, gari la nani litaondoka, na msichana atalala wapi usiku huo. Hilo si kosa la wasichana wale. Kutunga kitufe ilikuwa sehemu yao. Sehemu iliyobaki ni ya watu wazima, na mashindano hayampi mtu mzima yeyote alama kwa kuitimiza.

Mfano unaopendwa kuliko yote, ule wa Richard Turere, ukisomwa vizuri huunga mkono jambo tofauti kabisa. Turere, kijana wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndiye aliyebuni taa za kumetameta zinazowafukuza simba, na mwaka 2013 alizieleza katika jukwaa la TED. Kinachosimuliwa ni taa. Ila kwa maelezo yake mwenyewe, alianza na moto, ambao ulimsaidia simba kuona ndani ya boma. Akaja na sanamu, na simba wakaizoea usiku wa pili. Ndipo alipogundua, akizunguka boma na tochi, kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Taa za kumetameta zilikuwa jibu la uchunguzi uliopita katika kushindwa mara mbili. Sanamu ya Turere, ingeletwa darasani, ingepata alama zote.

Wanaosema ni mzigo uliotupwa

Kundi la tatu limekasirika, na lina sababu. Linasema mtoto anapewa kazi ya dola. Mwaka 2017 Kenya ilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo. Wasichana wanaposhona sodo za vitambaa kama mradi wa jamii, wakapongezwa na mgeni rasmi, pongezi hizo zinaweza kufunika deni la kisheria. Hali ya fedha shuleni haisaidii: ruzuku ya sekondari iliyowekwa Kenya ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwaka 2025 serikali yenyewe ilikiri mbele ya Bunge kwamba inayotolewa ni pungufu. Somo jipya lisilo na bajeti litalipiwa na mfuko wa mzazi, na mifuko hailingani.

Hata hivyo, ukiifuata hoja hii hadi mwisho, utamfungia mtoto ndani ya darasa akisubiri dola itimize wajibu wake. Wajibu huo haujawahi kutimizwa kwa kusubiriwa. Msichana anayejua kwamba sheria ya 2017 ipo, aliyehesabu ni miezi mingapi sodo zimefika shuleni kwake na mingapi hazikufika, amefanya kazi ambayo kushona peke yake hakungeifanya. Kundi hili limegusa ukweli kuhusu deni, ila halioni kwamba mwanafunzi anaweza kuwa ndiye anayelidai.

Ndoo ya mchanga na mkaa

Ili kuona tofauti kati ya suluhisho na uchunguzi, tutazame mradi ambao huenda ndio wa kawaida kuliko yote katika maonyesho ya shule: ndoo ya kuchujia maji yenye tabaka la kokoto, mchanga na mkaa wa kuni. Maji ya tope yanaingia juu, yanatoka chini yakiwa meupe, watu wanapiga makofi. Mahali ambapo tatizo ni tope, ndoo hiyo inasaidia, ingawa wadudu wa maradhi wanaweza kupita na maji bado yanahitaji kuchemshwa.

Sasa ipeleke ndoo hiyohiyo Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, au Nakuru. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi ndani ya maji, na kuna visima ambavyo kiwango chake kinapita mbali miligramu 1.5 kwa lita, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno ya kahawia; kwa miaka mingi ya kunywa, mifupa hupinda na viungo kukakamaa. Maji hayo yanaweza kuwa maangavu tangu yakiwa kisimani. Floraidi imeyeyuka, hivyo mchanga hauizuii, na mkaa wa kuni hauishiki kwa kiasi cha maana. Kuyachemsha huizidisha kidogo, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki. Kinachoishika ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kwa joto la kudhibitiwa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi, na hata huo hushiba, ukahitaji kubadilishwa. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, aliyekuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, alijenga kichujio chake juu ya kanuni kwamba maji ya kila mahali yana uchafu wake, kwa hiyo kichujio kiandaliwe kulingana na kilichomo. Huyo ni mtu mwenye shahada ya uzamivu na maabara.

Mwanafunzi wa kidato cha pili hana maabara. Basi amenyimwa nafasi? La. Anajua ni kisima kipi nyumba ipi huchota, na wakati wa kiangazi hubadilisha kisima gani. Anaweza kuandika bei ya ndoo kwa muuzaji wa maji ya bomba na kuilinganisha na umbali wa kisima cha bure. Anaweza kuona kwamba watoto wa upande mmoja wa korongo wana meno ya kahawia na wa upande wa pili hawana. Mtaalamu anayekuja na gari kwa siku moja hayajui hayo, na bila hayo hajui akapime maji wapi. Mapendekezo ya kwanza ya mwanafunzi yangekuwa kwamba visima fulani vipimwe kwa sababu fulani, na kwamba watoto wadogo wapewe kwanza maji ya kisima salama hata kama watu wazima wataendelea na kile kingine. Hapana kifaa hapo, wala kitu cha kuweka mezani, lakini pendekezo hilo linaweza kuokoa meno ya kizazi. Ndoo ya mchanga, kwa kulifanya tatizo la maji lionekane limetatuliwa, ingeweza kuwadhuru watu kwa kuwatuliza.

Ushahidi wa Dar es Salaam

Kwamba vijana wanaweza kufanya uchunguzi wa kutegemewa si matumaini matupu. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam. Tatizo mojawapo la mji ule lilikuwa kwamba makazi yasiyopangwa, ambako wengi huishi, hayakuwa na ramani za kutosha: mifereji haikuandikwa popote, vichochoro havikuwa na majina. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, ukawaunganisha na wakazi wa kata zinazofurika, wakatembea mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, njia na mifereji, na kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi. Matokeo yaliwekwa katika ramani huria ambayo yeyote anaweza kuitumia. Huko Nairobi, vijana wa Kibera walikuwa wamefanya kazi ya aina hiyo tangu 2009.

Mtu atasema hao walikuwa watu wa chuo, si watoto wa sekondari. Kweli, na walikuwa na wafadhili na wasimamizi. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi uliotumika si wa chuo: kupima upana wa mfereji, kuandika umezibwa na nini, kusikiliza. Kilichowatofautisha na mradi wa kawaida wa shule ni kwamba ramani ilikuwa na mtumiaji kabla haijachorwa. Watu wa mipango miji na wa maafa waliihitaji.

Mlango wa kubisha

Hapa ndipo mfumo wa shule umeacha pengo. Ripoti ya mwanafunzi humfikia mwalimu, mwalimu hutoa alama, na ripoti huingia kabatini. Ilhali milango ipo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya, ya 2012, inaitaka kila kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba, na katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe. Muhula wa pili huisha karibu na mwanzo wa Agosti. Uchunguzi uliofanywa muhula wa kwanza, ukawasilishwa kwa msimamizi wa wadi mapema katika muhula wa pili, utakuta mpango bado unaandikwa. Ukiletwa Novemba, ni karatasi. Tanzania mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wa miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo mwanafunzi anahitaji mtu mzima wa kuibeba hoja yake, na bodi ya shule inafaa kazi hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeshampa haki ya kutoa maoni.

Pingamizi la haraka ni kwamba ofisi zisizowajibu wazazi hazitawajibu watoto. Kwa ofisi kubwa, huenda. Ndiyo maana ni busara kuanza na wapokeaji wadogo: jumuiya ya watumia maji, kamati ya zahanati, uongozi wa soko. Hawa wana shida za kila siku na hawana mtu wa kuwahesabia. Na wakati mwingine hata serikali kuu hukosa hesabu ndogo. Tanzania iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka na mlaji hakunufaika. Mabishano yalikuwa makali, nayo yalihusu jambo ambalo wanafunzi wa kila kata, kwa kuandika bei dukani mara moja kwa mwezi, wangeweza kulitolea ushahidi wa upande wowote.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Atakayehesabu sodo zisizofika, au mabomba yaliyolipiwa yasiyotoa maji, atakuwa amemgusa mtu. Mtoto asiwekwe mbele katika hilo. Ripoti itoke kwa jina la darasa, ipelekwe na bodi ya shule, na ipime vitu badala ya kutaja watu. Hata hivyo walimu watasita, na sioni njia ya kuiondoa hatari hiyo yote.

Kuna tatizo jingine lisilozungumzwa sana, la shule za bweni. Mwanafunzi aliyetoka Kilifi akasoma Kiambu, akifungiwa ndani ya ua miezi mitatu, ana jamii gani ya kuichunguza? Shule za kutwa, ambazo wazazi wengi huzidharau, hapa ndizo zenye faida. Keriko ni mojawapo. Mwanafunzi wa bweni ingefaa aruhusiwe kufanya uchunguzi wake kwao wakati wa likizo, au achunguze shule yenyewe, ambayo jikoni mwake kuna kuni, maji na chakula cha mamia ya watu.

Wapo watakaosema kwamba kuwafanya watoto waandike bei na kupima mifereji ni kuua ubunifu. Turere amelijibu hilo: taa zake zilitoka katika kumjua simba. Kilichobaki ni kubadilisha kinachopewa alama. Mtahini aulize tatizo limeelezwa kwa ushahidi gani, limepelekwa kwa nani, jibu gani limerudi, na mwanafunzi alibadilisha nini baada ya jibu hilo. Kimya cha ofisi kiandikwe pia kama matokeo, pamoja na tarehe, na darasa linalofuata lirithi faili badala ya kuanza na sanamu mpya. Kwa daftari na futi kamba, shule ya kijijini itafanya kazi hiyo sawa na ya mjini, na mzazi mwenye pesa hatakuwa na cha kununua saiba.